Karakana ya Kipimo cha Kontena

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Brussels, msimamizi alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso. Ilikuwa Woluwe-Saint-Lambert, karibu na hospitali ya chuo kikuu, mwishoni mwa miaka ya themanini, asubuhi yenye mvua ile ya hapa ambayo hainyeshi vizuri wala haikomi. Alivigeuza viganja vyangu kama anayekagua mihogo sokoni, akaridhika, kisha akanipa nyundo ya kampuni na kunionyesha rundo la mbao. Mimi nilikuwa nimekuja na nyundo yangu kutoka Bujumbura, nimeizungushia taulo. Aliniambia niirudishe mfukoni, itapotea.

Kazi yenyewe waliiita coffrage. Sisi tuliotoka Bujumbura tulitamka kofraji na mambo yakaenda. Zege likiwa bichi ni uji tu, halina umbo lake. Fundi wa kofraji ndiye anayelijengea boksi la mbao, analikaza kwa kabari na mihimili ya mshazari lisipasuke, zege linamiminwa, linaachwa lishike, kisha fundi yuleyule anarudi kulivunja boksi lake. Ghorofa linabaki, mbao zinapakiwa kwenye lori kwenda kwingine. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Nimejenga sana katika mji huu, na hakuna ubao wangu hata mmoja unaoonekana.

Siku hiyo hiyo nilipigilia msumari mpaka kichwa kikazama, kama nilivyofundishwa na bwana wangu wa useremala kule Buyenzi, mtaa nilikozaliwa. Msimamizi akaja, akauangalia, akachukua mtarimbo na kuung'oa.

"Kichwa kibaki nje," alisema. "Hapa unapiga huku ukijua utang'oa. Ukizipenda mbao zako utanichelewesha."

Maneno hayo yalinikaa vizuri, kwa sababu hata nyumbani kwangu niliishi hivyo hivyo. Mimi na mke wangu Mwajuma tulikuwa tumekuja kwa miaka michache, au ndivyo tulivyosema, na kila Mrundi tuliyekutana naye alisema vivyo hivyo. Masanduku tuliyoyabeba kwenye ndege yalikaa juu ya kabati, hayakuwahi kutiwa ghalani. Sikununua kiti kizito. Picha sikutundika, kwa kisingizio cha kutoharibu ukuta wa mwenye nyumba. Mwajuma alipata kazi ya kuhudumia wagonjwa, akazoea tramu zake na wenzake wa zamu, na jioni alirudi na habari za watu wa hapa. Mimi nilirudi na habari za redio, za kule.

Kutoka Woluwe nilipelekwa karibu na uwanja wa Flagey, kwenye nyumba za ghorofa, chini ya msimamizi mwingine aliyekuwa akipiga mluzi anapofurahi, kwa hiyo ukimya wake ndio tuliouogopa. Kisha nikahamishiwa kwenye gereji za chini ya ardhi. Huko ndiko nilikomfahamu Injinia, mtu mrefu, mpole, mwenye buti safi kila siku, nami sijui alikuwa akipita wapi. Kazi ya chini ya ardhi ni kupigana na udongo. Unachimba, na ule uliobaki pembeni unataka kurudi ulikotolewa. Tulijenga kofraji za kuta za kuzuia udongo, tukazifungua, tukajenga nyingine. Nilijifunza jinsi ukuta wa namna hiyo unavyowekwa mguu mpana uliolala chini ya udongo wenyewe, ili uzito unaosukuma uwe ndio uzito unaokandamiza. Nilijifunza pia kwamba kinachoangusha ukuta mara nyingi ni maji yaliyokosa njia nyuma yake, wala si udongo. Haya yote niliyajua kwa mikono. Kumbukeni hilo mtakaposoma nilichofanya kwangu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulinunua nyumba Uccle. Msidhani ni zile nyumba za mabalozi zenye miti mikubwa na mageti. Uccle nayo ina vichochoro vyake, na yetu ilikuwa nyumba nyembamba ya matofali iliyojengewa wafanyakazi wa zamani, imebanwa na nyumba nyingine pande zote mbili. Wanunuzi walikuwa wakiingia, wanapenda sebule, wanapenda jiko, kisha wanafungua mlango wa nyuma na kuaga. Bustani ilianzia mlangoni na kuporomokea hapo hapo. Ukiangusha kitunguu jikoni, ulikwenda kukiokota kwa jirani wa chini. Mwajuma alisimama kwenye mlango ule akasema hapa ataweka matuta ya lengalenga, mchicha wa kwetu, pale kamba ya nguo. Mimi nilisimama kando yake nikaona karakana. Tukanunua, kila mtu na nyumba yake kichwani.

Niwaeleze kwa nini karakana. Nilikuwa na kiwanja Bujumbura, kinatunzwa na mdogo wangu Ramadhani. Kila Ijumaa baada ya sala, wanaume tulibaki barazani tukivaa viatu polepole, na mazungumzo yalikuwa ni hayo kwa hayo: fulani kafika kwenye linta, fulani kaezeka, fulani kaweka geti. Aliyejenga nyumbani alisikilizwa. Aliyejenga hapa alionewa huruma, kama mtu aliyepoteza njia. Mimi nilitaka kutengeneza milango, madirisha na vitanda vya nyumba ya Bujumbura kwa mbao nzuri za hapa, na siku ya kurudi niibebe karakana yenyewe, niisimamishe upya kwenye kiwanja changu, iwe biashara ya uzee wangu. Mwajuma alitaka kujua jambo moja tu: tunakaa au tunaondoka? Watoto walikuwa wameanza shule, binti yetu Zainabu alikuwa akiota ndoto kwa Kifaransa. Kila Mwajuma alipoliuliza swali hilo nilimjibu kwamba tutaona.

Kwa hiyo nilianza kupanga, na mpango wangu ulianzia mahali ambapo hakuna fundi mwenye akili timamu angeanzia. Kulikuwa na Mrundi mwenzetu mwenye ghala karibu na mfereji, akisafirisha mafriji na vipuri. Nilikwenda kwake na futi yangu, nikaomba kuingia ndani ya kontena tupu, nikapima urefu, upana na kimo. Nikarudi nyumbani nikaamua kwamba karakana yangu haitakuwa na kipande kirefu kuliko tumbo la kontena. Kila kiungo kitakuwa cha bolti na nati. Hakutakuwa na gundi, wala msumari, wala zege, kwa sababu zege halipakiwi. Sijui kama mtu wa taifa jingine angeweza kukosea hivyo. Mbelgiji hupima ardhi kwanza.

Ardhi niliipima baadaye, na niliipima vizuri. Kwenye mteremko usitumainie jicho, linadanganywa na nyasi. Nilichukua bomba la plastiki linaloonyesha ndani, nikalijaza maji, ncha moja nikaifunga kwenye kigingi cha juu na nyingine kwenye kigingi cha chini. Maji hujisawazisha yenyewe, kwa hiyo unasoma tofauti ya kimo bila hesabu ngumu. Chini kabisa, sakafu ya karakana ingekuwa juu kuliko kichwa changu nikiwa nimesimama.

Kwenye mteremko kama huo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukata kilima, kupata uwanja tambarare, na kujenga ukuta wa kuzuia kilichobaki. Ya pili ni kukiacha kilima kama kilivyo na kusimamisha karakana juu ya nguzo, upande wa juu ukikaa ardhini, upande wa chini ukining'inia. Nguzo za namna hiyo zinatakiwa ziingie ardhini mpaka kwenye udongo mgumu na zipande bila kukatika mpaka kwenye paa. Mimi nilichagua nguzo, lakini nguzo nzima isingeingia kwenye kontena. Nikaikata sehemu mbili kwenye usawa wa sakafu na kuziunga kwa bamba la chuma na bolti. Na badala ya kuchimba, nikazikalisha juu ya vigae vikubwa vya zege vya kununuliwa, vile vya kutandika njiani, vinavyoinuliwa na kuondoka.

Mengine niliyapanga kwa heshima zote za ufundi. Dirisha kubwa niliweka upande wa kaskazini, maana jua la moja kwa moja linatupa kivuli kwenye mstari wa kukatia. Mashine ya randa, ambayo ni nzito na inatetemeka, niliipangia upande wa juu ambako sakafu iko karibu na ardhi. Meza ya kazi niliiweka chini ya dirisha. Milango yote miwili niliipanga itazamane, ili ubao mrefu upite kwenye mashine utokee nje. Mbao zenyewe hazikuwa na njia isipokuwa kupitia barabarani, sebuleni, jikoni na nje dirishani, juu ya sufuria za Mwajuma. Alikuwa akizifunika na kuendelea kupika.

Nilimchorea Injinia mpango huo juu ya kipande cha plaiwudi wakati wa chakula cha mchana. Alitafuna mkate wake akiangalia. Alilisifu paa, akalisifu dirisha, kisha akaweka kidole kwenye vigae vya chini.

"Hii ni ya kazi au ya maonyesho?"

Nikamwambia ni ya kazi. Akasema mteremko unasukuma hata siku ambayo huuoni unasukuma, kwa hiyo ama nauzuia, ama nachimba mpaka pale ambapo hausogei, na mimi sijafanya lolote kati ya hayo mawili. Kisha akaniuliza, kwa mshangao wa kweli, kwa nini mtu anayemwaga zege kila siku alikose kwake. Sikumwambia habari ya kontena. Niliona aibu, na aibu ile ikanipandisha hasira, nikaugeuza ubao na kuukalia.

Aliyenisaidia kujenga ni Tonton Ilunga, mjomba wa kila mtu, mchomeleaji kutoka Likasi kule Katanga, Mkristo mwenye sauti kubwa, ambaye aliishi mtaa wa pili. Yeye ndiye aliyekata mabamba ya chuma ya kuungia nguzo. Siku nilipomweleza kwa nini kila kitu lazima kifunguke, aliivua miwani ya kuchomelea akanitazama sana.

"Weye uko mutu wa ajabu," alisema. "Bantu banajenga nyumba, weye unajenga valise, sanduku ya safari."

Alicheka mpaka jirani yetu, bibi wa Kibelgiji aliyelala kila baada ya chakula, akafungua dirisha. Nami nilicheka. Lakini Mwajuma, aliyekuwa anaanika nguo mlangoni, hakucheka. Alichukua beseni lake akaingia ndani.

Karakana ilisimama majira ya joto, nami nasema bila kujisifu kwamba ilikuwa nzuri. Ilinukia msonobari. Niliingia humo kila nilipotoka kazini, nikatengeneza mlango wa kwanza wa Bujumbura, wa pili, wa tatu, nikaiegemeza ukutani. Nilikuwa nafanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Ukiniuliza nani ananikimbiza ningesema muda, maana nilitaka kurudi kabla watoto hawajawa wakubwa wa kukataa.

Kisha mambo ya nyumbani Burundi yakaharibika, vita vikaanza. Wenye umri wangu wanajua mwaka huo, na wasioujua wawaulize wazazi wao kwa upole. Simu ya Ramadhani ilikuwa ikikatika. Alisema mtaa bado upo, yeye yupo, kiwanja kipo, lakini nisitume kitu na nisije. Nilimwambia sawa, nikashuka karakanani, nikaanza mlango mwingine. Mwajuma aliniuliza mlango huo ni wa nani sasa. Nikamwambia hali itatulia.

Mvua za vuli zilipoanza, mlango wa karakana ukagoma kufunga. Nikauranda kidogo, ukafunga. Wiki chache baadaye ukagoma tena, nikauranda tena. Fundi mwenye macho angeona kwamba mlango haukunenepa, bali fremu ilikuwa inalala. Nilining'iniza timazi, yaani uzi wenye risasi nchani unaoonyesha wima, na nikaona nguzo za chini zimeegemea bondeni. Nikazitia kabari. Nikakaza bolti. Kila Jumapili nilikuwa chini ya sakafu ile na spana, nimechafuka matope, nikikaza. Bibi jirani ndiye aliyeniambia kwamba zamani pale palikuwa machimbo ya mchanga, na watu walitupa kifusi juu yake mpaka nyasi zikaota. Vigae vyangu vilikuwa vimekaa juu ya kifusi kilicholowa.

Ilunga alikuja akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye kigae kimoja kilichokuwa kimezama upande.

"Ndeko, ndugu yangu, hii udongo iko natembea," alisema. "Alors, utakaza boulons mpaka lini?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye aangalie kuchomelea kwake. Alisimama, akapangusa mkono kwenye suruali, akapanda juu bila kuaga, na hakuja kwetu kwa muda mrefu.

Alasiri moja ya mvua nilikuwa kwenye mashine ya randa. Mwajuma alishuka kuniita, kulikuwa na simu. Sikumsikia kwa kelele, kwa hiyo akaingia, akavuka sakafu, akafika upande wa dirisha ili nimwone. Ndipo sakafu iliposhuka. Haikuanguka, ilishuka kama ngazi ambayo hukujua ipo, kwa mlio mmoja wa mbao kupasuka. Kioo kikavunjika. Mwajuma alidaka meza ya kazi, na milango yangu ya Bujumbura, yote iliyoegemea ukutani, ikaja kifudifudi. Ule wa mbele ulimpiga begani. Mimi nilizima mashine na sikuweza kusogea. Niliogopa uzito wangu ukiongezeka upande ule vyote viende chini, na yeye ndani yake.

Alitambaa juu ya milango ile kuja kwangu. Nilimdaka mkono nikamvuta mpaka mlangoni. Tulikaa nje kwenye nyasi tumelowa, bega lake limeanza kuvimba, na mimi nikaanza kusema habari za kifusi, na vigae, na kwamba nikipata jeki nitaiinua. Aliniacha nimalize.

"Baba Zainabu," alisema, "mimi nimechoka kukaa juu ya kitu chenye unataka kufungua."

Hakupandisha sauti. Sijui niliishia wapi kueleza habari za jeki. Nilichojua ni kwamba hakuwa anasema karakana peke yake, na kwamba kama bega lile lingekuwa kichwa, nisingekuwa na mtu wa kurudi naye popote. Niliona vibaya sana. Nilijiona mjinga, na nilimhurumia, na bado, niseme ukweli, kuna pembe moja moyoni mwangu iliyokuwa inauliza kama ile milango imepasuka.

Kesho yake nilimwendea msimamizi wa gereji, yule aliyekuwa juu yangu wakati huo, nikamwomba aniazime paneli za kofraji mwisho wa wiki. Alinipa na maneno machache ya kunichamba, kwamba mwishowe daktari ameamua kunywa dawa. Injinia alinichorea ukuta bila kuniuliza chochote. Nikamwendea Ilunga nyumbani kwake nikamwomba radhi mbele ya mke wake. Alisema bon, alishasahau, kisha akanikumbusha neno moja moja nililomwambia.

Kwa faida yenu mtakaojenga kwenye mteremko, nieleze tulivyofanya. Kwanza tuliishika karakana kwa jeki na magogo ili isiendelee kushuka. Tukachimba kwa mkono, sehemu fupi fupi na kwa kupishana, maana ukikata mguu wa kilima kwa mkupuo mmoja kinakujia chote. Tulichimba mpaka tukapita kifusi, majembe yakaanza kulia kwenye mchanga mgumu wa njano. Hapo tukalaza mguu wa ukuta, tukafunga nondo, tukasimamisha kofraji. Nyuma ya ukuta tulijaza kokoto na kulaza bomba lenye matundu linalokusanya maji na kuyatoa pembeni. Nguzo za chini nazo nikazitoa zote, zile za vipande viwili, nikaweka nguzo nzima zinazotoka kwenye zege mpaka kwenye paa. Hakuna kontena ambalo lingezimeza. Nilizipima mara moja tu, kwa ardhi.

Lori la zege lisingeweza kufika bustanini, kwa hiyo siku ya kumwaga tulihitaji mikono. Niliwatangazia wenzangu wa Ijumaa. Nilidhani watakuja wachache. Walikuja karibu wote, na Ilunga akaja na watu wa kanisa lake, Wakatanga wenye nguo za kazi zilizopigwa pasi. Tukajipanga mstari kutoka barabarani, kupitia sebuleni, ambako Mwajuma alitandika maboksi sakafuni, mpaka chini bondeni, na ndoo zikapita mkono kwa mkono. Mwanzoni walinitania. Waliuliza kama ninajizika mwenyewe, kama nimewaita kwenye hitima. Ndoo zilivyoongezeka utani ukapungua. Kila mmoja kwenye mstari ule alikuwa na kiwanja mahali fulani, na simu inayokatika. Mzee mmoja wa Buyenzi, aliyekuwa hodari wa kutuhesabia nani kafika kwenye linta, alinipokeza ndoo na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba na yeye ghalani kwake kuna unyevu, nije nimtazamie. Nilikwenda. Baada yake nikaenda kwa mwingine. Miaka ya tisini ilipoisha nilikuwa nimejenga kuta na misingi nyuma ya nyumba nyingi za watu wetu, na hakuna aliyelisema hilo barazani.

Milango ya Bujumbura niliigawa. Mmoja uko kwa Ilunga mpaka leo, umepigwa rangi ya kijani ambayo sikuichagua. Karakana nikaitumia kwa kazi za hapa: kabati za watu, vitanda vya watoto, ngazi za bibi jirani. Mwajuma alipata matuta yake ya lengalenga juu ya ukuta, mahali pa tambarare pa kwanza katika bustani ile. Nikadhani mambo yamekwisha. Zege limemwagwa, kila mtu ameliona, kuna neno gani tena la kusema?

Nilistaafu mgongo ukiwa umeniaga mapema kuliko kampuni. Kwa muda nilizunguka nyumbani nikirekebisha visivyoharibika, mpaka Zainabu, ambaye sasa ana watoto wake, akasema baba anahitaji kusafiri. Bujumbura palikuwa pametulia. Mwajuma alinifungashia vizuri mno, hata nguo za baridi ambazo kule hazina kazi, na uwanja wa ndege hakuniuliza narudi lini. Niliona ni heshima, amenipa nafasi.

Ramadhani alinipeleka kwenye kiwanja. Nilikuwa nimekibeba kichwani nusu ya maisha yangu, na kumbe nilikuwa nimekisahau umbo. Kilikuwa tambarare kabisa. Ungeweza kuanza kujenga asubuhi ile ile. Mdogo wangu alikuwa ameweka tayari mawe ya msingi, akanionyesha karakana itakaa wapi, geti liwe wapi, akafurahi kama mtoto. Nilimshukuru kwa dhati. Siku zilizofuata nilikaa naye, nikala, nikacheka na watu waliobaki, nikalia kwa wasiobaki. Lakini sikutulia. Ilikuwa vuli Uccle, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kamba nikiwaza majani yanavyoziba mdomo wa lile bomba nyuma ya ukuta, na nani atashuka kulizibua, na Mwajuma asije akashuka mwenyewe kwenye nyasi zenye utelezi. Nilimwambia Ramadhani kiwanja ampe binti yake mkubwa, anayeolewa. Akasema nimekawia kusema, yule binti alishaanza kukiangalia.

Nilibadilisha tiketi nikarudi kabla ya wakati. Sikupiga simu, nilitaka kumshangaza. Niliteremka tramu, nikaingia na begi langu, nikamkuta jikoni anachambua lengalenga. Aliinua macho, akaliona begi, akaona nimekuja mapema. Hakushangaa jinsi nilivyotarajia. Alipangusa mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Umekuja kuchukua vyombo?" aliniuliza.

Sikumwelewa mara moja. Nilipomwelewa, nikavuta kiti. Alidhani nimerudi kufungasha msumeno na randa zangu. Ukuta ulikuwa umesimama pale nje, nguzo zimezama kwenye zege, watu wote walishuhudia, na yeye kwa miaka yote hiyo alikuwa amekaa na mimi akisubiri siku hiyo, kwa sababu hakuna siku niliyofungua kinywa nikamwambia. Nyinyi vijana mnaokuja kuniuliza habari za mteremko nawafundisha kupima, na kuchimba, na kutoa maji, na mnaniona mzee anayejua kazi. Hili ndilo ninalotaka mlichukue.

"Hapana," nikamwambia. "Nimerudi. Hatuondoki, Mwajuma. Tunakaa."

Alirudi kwenye lengalenga zake. Nilidhani hakusikia, nikataka kurudia. Kisha nikaona anachambua majani yaleyale aliyokwisha kuyachambua, na machozi yanaingia kwenye bakuli.